Gunia zima la viazi limechipua: nile, nipande au nitupe?

#1 Mkwe wa Isevya (Alhamisi usiku)
Wakuu, kwema? Niko Tabora mjini, Isevya. Mwezi uliopita tulikuwa na shughuli ya kupokea mahari ya shemeji, mdogo wake mke wangu. Mimi nikakabidhiwa jikoni. Nikanunua gunia la viazi mviringo, lumbesa, lile lenye kilemba juu mpaka unaionea huruma baiskeli iliyolibeba. Vitunguu maji debe mbili, kiroba cha viazi vitamu, na vitunguu saumu kiasi. Siku tatu kabla, upande wa pili wakafiwa. Shughuli ikasogezwa mbele. Vyakula nikavisukumia stoo, chumba cha nyuma chenye bati bila dari, nikasahau.

Jana nimeingia kutafuta jembe, nikaona vitu vyeupe vinatoka kwenye gunia. Nikadhani panya kazalia mle. Kumbe machipukizi. Yametoboa nyuzi za gunia, marefu kama kidole cha kati, ncha zina rangi ya zambarau. Vitunguu vimetoa majani kama viko bustanini. Viazi vitamu navyo vina vijani vyekundu vyekundu.

Mke wangu kasema tutupe, kasikia vina sumu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Sikonge kwa ajili ya shughuli na bado yupo, kasema chakula hakitupwi, tumenye tupike. Jirani kasema nipande, mvua hizo zinakuja. Na hela ilikuwa ya michango ya ukoo, nitaulizwa.

Nile, nipande, nitupe? Na mbona vimechipua vyote kwa mpigo, mwezi mmoja tu?

#2 Debe Tupu (Alhamisi usiku)
"Na bado yupo." Mkuu, shida yako siyo viazi.

#3 Kiepe Yai (Alhamisi usiku)
Mimi nauza chipsi, mwaka wa saba huu. Kiazi kilichochipua nakijua nikikishika tu, hata gizani. Kimelegea, ukikibonyeza kinabaki na alama ya dole gumba. Ukikitia kwenye mafuta kinakuwa cheusi nje na ndani bado, halafu mteja anakuuliza mbona chipsi zina sukari. Wanga wake umeshageuka sukari, kinajiandaa kulisha mche.

Chipukizi likiwa fupi kama punje ya mchele, nachimba jicho na nyama kidogo kuzunguka, kazi inaendelea. Urefu wa kidole cha kati? Hapana. Hicho siyo kiazi tena, ni mche wenye mzigo.

#4 Mama Wawili (Alhamisi usiku)
Jamani! Mimi tangu naolewa namenya viazi vilivyochipua, nang'oa vile vimkia, napika, watoto wamekula wamekua na mmoja yuko jeshini. Siku hizi kila kitu sumu. Mafuta sumu, sukari sumu, chumvi sumu, sasa na kiazi. Mleta uzi msikilize mama mkwe wako, yule ameiona njaa, wewe hujaiona.

#5 Msomi Pori (Ijumaa asubuhi)
Mama Wawili, kwa heshima zote, usimpoteze mwenzio. Kiazi mviringo kina sumu mbili za kuzaliwa nazo, solanini na chakonini. Ndiyo silaha yake dhidi ya wadudu. Kwenye nyama ya kiazi kizima ni kidogo sana, kwenye ganda inaongezeka, na kwenye machipukizi ndiko ilikojaa. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 200 kwa kilo moja ya kiazi kibichi. Chipukizi linapita hapo kwa mbali.

Na watu wasijidanganye kwamba moto utaiua. Kuchemsha hakuiondoi, na mafuta ya chipsi yenye nyuzi 170 au 180 hayafui dafu. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, kuhara, kichwa kuuma. Mwaka 1979 kule London wanafunzi 78 wa shule moja waliugua kwa kula viazi vilivyobaki tangu muhula uliotangulia. 17 walilazwa.

#6 Debe Tupu (Ijumaa asubuhi)
Hao 78 wangepitia bweni letu la enzi zile, kiazi kingeugua wao wabaki wazima.

#7 Nyuki Dume (Ijumaa asubuhi)
Naongezea swali. Viazi vya kijani je? Genge la hapa mtaani wanavipanga juani kutwa, upande mmoja unakuwa kijani kama parachichi bichi. Mimi nikienda porini kuangalia mizinga nabeba vya kuchemsha na maganda yake, nakula hivyo hivyo chini ya mti.

#8 Bwanashamba Mstaafu (Ijumaa mchana)
Msomi Pori, umesema vizuri ila rekebisha mwaka. Tukio lenyewe ni la 1969, Lewisham, kusini mashariki mwa London. 1979 ni mwaka ambao madaktari walichapisha makala juu yake. Na wote walipona. Liseme na hilo, usiwatishe watu nusu nusu.

Nyuki Dume, ule ukijani wenyewe ni klorofili, ile ile ya mchicha, hauna kosa. Ila mwanga ulioleta ukijani ndio huo huo unaoongeza sumu. Kwa hiyo ukijani ni kengele. Ukiwa doa dogo, menya kwa kina, kata sehemu hiyo. Kikiwa kijani kizima au kichungu ulimini, achana nacho. Na habari ya kula na maganda chini ya mti, acha.

Sasa mleta uzi. Kiazi kikivunwa kinalala usingizi. Inategemea mbegu, lakini hesabu miezi miwili mitatu. Usingizi huo unaanza kuhesabiwa shambani, siyo stoo kwako. Unasema mwezi mmoja, lakini je, unajua kilikaa kwa mwenye ghala muda gani kabla hakijapakiwa huko Mbeya au Njombe kuletwa huku? Kimefika kwako kinapiga miayo. Umekiweka chini ya bati lisilo na dari, Tabora, mwezi wa kumi. Ulitegemea nini?

#9 MwishoWaReli (Ijumaa mchana)
Salamu toka Kigoma, Mwanga. Mzee Bwanashamba shikamoo, umeeleza vizuri lakini kuna swali hukuuliza. Ndani ya hiyo stoo kulikuwa na ndizi? Ndizi ikiiva inatoa hewa, inaitwa etilini, ndiyo inayoivisha wenzake. Hewa hiyo inaamsha na viazi. Kosa la pili ni kulaza viazi na vitunguu chumba kimoja. Mama yangu hakubali hata makapu yao yagusane.

Pembeni kidogo: mimi tangawizi ikichipua nafurahi. Naivunja vipande, kila kipande kiwe na jicho lake, nafukia chini ya kivuli cha migomba nyuma ya nyumba. Miezi minane mpaka kumi nachimba. Sijanunua tangawizi ya chai muda mrefu.

#10 Mkwe wa Isevya (Ijumaa usiku)
Wewe wa Kigoma ni mganga? Mkungu wa ndizi ulikuwepo, tulitundika kwenye boriti, juu ya gunia kabisa. Ziliiva tukazila.

Taarifa mpya. Nimerudi jioni nikakuta mama mkwe ameshapika sufuria zima. Amemenya, ameng'oa machipukizi, ameunga kwa karanga. Nimekula sahani moja. Kulikuwa na vipande viwili vitatu vichungu, vinawasha kooni kama umetafuna mbegu za ndimu. Nikameza kwa heshima. Mke wangu hakugusa. Saa hizi ni saa nne usiku na tumbo linaongea.

#11 Debe Tupu (Ijumaa usiku)
Linasema nini?

#12 Msomi Pori (Ijumaa usiku)
Debe Tupu acha utani kidogo. Mkuu, kichungu huwa kinatemwa, hata mbele ya mkwe. Kunywa maji. Ukitapika mfululizo au ukaona kizunguzungu nenda hospitali, usingoje kukuche. Watoto walikula?

#13 Mkwe wa Isevya (Jumamosi asubuhi)
Watoto walikula wali. Nimetapika mara moja, nikahara kidogo, nikalala. Asubuhi niko mzima. Mama mkwe alikula sahani mbili na ameamka kabla ya jogoo, anafagia uwanja. Anasema mimi tumbo langu ni la mjini.

#14 Mama Wawili (Jumamosi asubuhi)
Si nilisema?

#15 Kiepe Yai (Jumamosi asubuhi)
Hujashinda, Mama Wawili. Sufuria moja, kiazi hiki kichungu na mwenzake kitamu. Vile vichungu vimemdondokea yeye. Ila na mimi sisemi moja kwa moja ni viazi. Karanga zikiwa na ukungu nazo zinakuangusha, na uoga nao unatapisha. Alikula huku ameshasoma habari za London.

#16 Mkwe wa Isevya (Jumamosi asubuhi)
Nilikuwa sijasoma. Nilisoma nikiwa chooni.

#17 Bibi Matembele (Jumamosi mchana)
Wajukuu, mmeng'ang'ania gunia mkasahau kiroba. Kiazi kitamu siyo ndugu wa kiazi mviringo, majina tu ndiyo yamewakutanisha. Kiazi kitamu kikichipua hakina neno. Vile vijani vyekundu ni matembele machanga, chuma, pika. Kiazi chenyewe kinapoteza utamu na kinakuwa na nyuzi kama katani, lakini hakikuui.

Sisi hatukungoja kichipue. Kiazi kikivunwa kinaachwa kinyauke siku kadhaa mpaka ganda linakunjamana, ndipo tunakimenya na kukikata vipande vyembamba vikiwa vibichi. Tunaanika juu ya mwamba au juu ya dari la nyasi. Hiyo ndiyo michembe. Ukichemsha kwanza ndipo ukate uanike, hayo ni matobolwa. Matobolwa unatafuna hivyo hivyo kama peremende, michembe unapika, ukiweka na karanga za kusaga humkumbuki mtu. Nikiwa binti tulikuwa tunalala juu ya magunia ya michembe, mvua ikianza tunasikia harufu yake inapanda.

Vingine tulichimbia shimo, chini majivu na nyasi kavu, juu udongo, paa dogo mvua isiingie. Unafukua kidogo kidogo.

Mimi nakwambia jambo moja la kuogopa kwenye kiazi kitamu: ukungu. Kikianza kuoza kinakuwa na doa jeusi na harufu ya dawa, hata ukikata sehemu mbovu, uchungu umeshaenea. Hicho usimpe mtu wala mnyama.

#18 Mchunga Mwenyewe (Jumamosi mchana)
Bibi shikamoo. Umenikumbusha mbali. Niko Igunga. Mwaka mmoja nilipata viazi vitamu vimeoza vya bure, nikasema ng'ombe watakula. Siku iliyofuata nikakuta ndama jike amenyoosha shingo, mdomo wazi, mbavu zinapanda kama mvukuto wa mhunzi. Nikadhani homa ya mapafu. Nimechinja kabla hajafa. Baadaye mtaalamu wa mifugo akaniambia ukungu wa viazi vitamu unatengeneza sumu inayokwenda mapafuni moja kwa moja. Nilikuwa nimekula hasara ya ndama kwa kukwepa kununua pumba.

#19 Debe Tupu (Jumamosi mchana)
Nyama mlikula?

#20 Mchunga Mwenyewe (Jumamosi mchana)
Swali linalofuata.

#21 Cheyo Kwetu (Jumamosi jioni)
Mleta uzi, panda. Mimi mwaka juzi nilipanda debe moja la viazi mviringo vilivyochipua, uani, hapa hapa Tabora. Majani yalipendeza mpaka watu wakawa wanapiga picha. Nikachimba kwa mbwembwe mbele ya majirani. Nikatoa ndoo ndogo moja, na vingi vilikuwa saizi ya gololi. Lakini nilivuna! Tusikatishane tamaa.

#22 Fundi Bani (Jumamosi jioni)
Niko Urambo, nalima tumbaku. Cheyo Kwetu, wewe uko mjini fanya utakavyo, ila asitokee mtu akapanda viazi vya sokoni karibu na shamba langu. Kiazi mviringo, nyanya, bilinganya, nyanya chungu na tumbaku ni ukoo mmoja, na wanarithishana magonjwa. Lipo moja linaitwa mnyauko bakteria. Mmea uko kijani kabisa, mchana unalala kama umemwagiwa maji ya moto, jioni unajikongoja, siku ya tatu hauamki.

Ukitaka kuhakikisha, kata shina karibu na chini, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Tulia dakika chache. Ukiona kamba nyembamba nyeupe, kama tone la maziwa linalonyooka, linashuka toka kwenye shina, ndiyo wenyewe. Kiazi kinaweza kuwa nao ndani na usione kitu kwa nje. Ukishaingia udongoni hautoki leo wala kesho. Mimi nimeacha kipande cha shamba kwa sababu hiyo, kiko karibu na bani, banda la kukaushia tumbaku, nakipita kila siku nikichoma.

#23 Cheyo Kwetu (Jumamosi jioni)
Kumbe! Nyanya zangu za mwaka jana zilinyauka zote nikasingizia jirani kamwaga maji ya sabuni. Tulinuniana.

#24 Bwanashamba Mstaafu (Jumapili asubuhi)
Fundi Bani amesema kweli tupu. Ndiyo maana mbegu ya viazi inatafutwa kwa wazalishaji wa mbegu, na huko Uyole, Mbeya, ndiko kazi ya utafiti wake inafanyika. Kiazi cha sokoni ni cha kula.

Cheyo Kwetu, gololi zako zina sababu nyingine pia. Kiazi mviringo kinaweka chakula chini kama usiku una ubaridi. Usiku ukizidi nyuzi 20 hivi, nguvu zote zinabaki kwenye majani. Tabora tuko mita 1,200 hivi toka usawa wa bahari. Kiazi kinapenda mita 1,500 kwenda juu. Ulipanda ua.

Mleta uzi, ukiamua kupanda japo vichache kwa kujifunza, usipande hayo machipukizi marefu meupe, yanavunjika ukiyaangalia tu. Yavunje yote. Tandaza viazi safu moja sehemu yenye mwanga lakini jua lisivipige. Vitatoa machipukizi mapya mafupi, manene, ya kijani. Hayo ndiyo ya kupanda. Na vikishakaa kwenye mwanga namna hiyo, usimruhusu mama mkwe avipitie na kisu.

#25 Dalali wa Vitunguu (Jumapili mchana)
Nimesoma mpaka hapa, naona kila mtu anasema joto, joto. Mimi natoa vitunguu Singida naleta Tabora. Kitunguu siyo kiazi. Kitunguu kwenye joto la nyuzi 25 mpaka 30 kinapungua uzito, kinasinyaa, kinaweza kuoza, lakini hakikimbilii kuchipua. Kinachokiamsha haraka ni ubaridi wa katikati, kati ya nyuzi 10 na 20. Kwa hiyo bati lako limeamsha viazi, sawa, lakini vitunguu nani kaviamsha? Mimi nasema unyevu. Viazi vinapumua, vinatoa maji, vitunguu vilikuwa pembeni vikayanywa. Au vilivunwa havijakauka shingo. Bonyeza shingo ya kitunguu: ikiwa nene na laini, hicho hakikuwa cha kuweka.

Kula unaweza. Jani lake kata weka kwenye kachumbari, kile kiini cha kijani kikiwa kimechakaa kitoe, tabaka za nje kaanga. Hakuna sumu. Saumu vile vile, ule ukijani wa katikati una uchungu kidogo tu. Ukipanda kitunguu maji kilichochipua usitegemee kitunguu kikubwa. Kitagawanyika kikupe vidogo, au majani, na kikipata baridi ya kutosha kinapandisha ua na mbegu. Huku kwetu kitakupa majani.

#26 Msomi Pori (Jumapili mchana)
Na mimi nina neno kwa MwishoWaReli. Hiyo etilini ya ndizi naona umeibebesha mzigo usio wake. Uingereza maghala ya viazi wanapuliza etilini makusudi ILI viazi visichipue, hasa baada ya Ulaya kupiga marufuku dawa ya klopropamu iliyokuwa inatumika zamani, matumizi yalikoma 2020. Sasa mkungu wa Isevya uamshe viazi na mitungi ya Uingereza ivilaze?

#27 MwishoWaReli (Jumapili jioni)
Msomi, soma mpaka chini. Kule wanapuliza mfululizo, bila kukatika, miezi. Etilini ikipita kwa muda inaweza kukata usingizi wa kiazi, ikikaa daima inazuia chipukizi lisirefuke. Mkungu wa ndizi ulikaa siku ngapi? Wiki. Ukaliwa. Hewa ikakata. Viazi vikaamka, hakuna wa kuvizuia. Hesabu inaingia kabisa.

#28 Msomi Pori (Jumapili jioni)
Inaingia kwenye karatasi. Stoo yenye bati lenye matundu hewa ilikaa wapi? Ingekuwa imetoka yote kwa siku moja.

#29 MwishoWaReli (Jumapili jioni)
Nani kasema bati lina matundu? Mleta uzi, bati lina matundu?

#30 Mkwe wa Isevya (Jumapili jioni)
Matatu. Nayajua kwa majina, kila moja lina ndoo yake.

#31 Nyuki Dume (Jumapili usiku)
Baba yangu alikuwa anasema viazi vinanusa mvua. Kabla wingu halijaonekana, vya stoo vinachipua, na nyuki wanabadilika sauti. Hata ukivificha chungu, vinajua. Nilicheka nilipokuwa shule. Sasa nikihesabu, kila mwaka vyangu vinachipua mwezi wa kumi, vilivyonunuliwa mwezi wa sita na vilivyonunuliwa mwezi wa tisa, vyote.

#32 Bwanashamba Mstaafu (Jumapili usiku)
Mwezi wa kumi ndio joto kali kuliko yote Tabora, mdogo wangu. Baba yako alikuwa sahihi kwa sababu nyingine.

#33 Nyuki Dume (Jumapili usiku)
Na nyuki je?

#34 Mama Wawili (Jumatatu asubuhi)
Sawa, nimeshindwa kwenye viazi, nusu. Sasa nijibuni hili. Kama kuchipua ni sumu, mbona kimea tunachipuza makusudi? Mtama unaulowesha, unaufunika gunia, siku ya tatu una vimkia, unaanika, unasaga. Uji wa mtoto ukitia kijiko kimoja unakuwa mwepesi kama maji, na mtoto anashiba. Pombe nayo haiendi bila kimea.

Na maharage ya Kigoma je? Juzi nililowesha nikaitwa msibani, nimerudi yametoa mikia. Nimepika.

#35 Msomi Pori (Jumatatu asubuhi)
Swali zuri kuliko yote humu. Kimea kinalainisha uji kwa sababu mbegu ikiamka inatoa vimeng'enya vya kuvunja wanga. Lakini hata mtama, lile chipukizi lina kitu kinachozaa sianidi. Ndiyo maana wazee wakishaanika wanasugua na kupepeta mpaka vimkia vinatoka. Hawakuwa na maabara ila mkono ulijua.

Maharage mekundu yakichipua usiyale mabichi wala nusu mbichi kama kachumbari, yana kitu cha kutapisha. Chemsha yatokote kweli kweli dakika kumi na zaidi. Za kula chipukizi ni choroko, na choroko huku kwetu hazijawahi kuadimika.

#36 Debe Tupu (Jumatatu asubuhi)
Kigoma kuna muhogo, huo nao unachipua sumu gani?

#37 MwishoWaReli (Jumatatu mchana)
Muhogo hauna huo uvumilivu. Mzizi ukishang'olewa hauchipui, unapandwa kwa pingili za mti. Siku mbili tatu tu ndani unapiga mistari ya bluu nyeusi, basi, umekwisha. Afadhali kiazi, kinakutolea taarifa. Na ugali wa muhogo na migebuka ukiupata hutauliza maswali haya.

#38 Dalali wa Vitunguu (Jumatatu mchana)
Mleta uzi, hivi uliponunua hilo gunia ulilimimina chini ukaangalia? Lumbesa vya juu vinakuwa vinacheka, katikati unakuta vijukuu vilivyochipua tangu ghalani. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa hivyo, na aliyeniuzia alikuwa ananiita mdogo wangu.

#39 Mkwe wa Isevya (Jumatano usiku)
Sikumimina. Nilimwamini.

Ahsanteni wote, mmenipa elimu kuliko nilivyoomba. Leo nimemimina, na kweli vya katikati ndivyo vyenye machipukizi marefu zaidi na vimesinyaa kama uso wa kobe. Vya juu vina vijicho tu. Nimegawa mafungu. Vilivyo kijani na vilivyosinyaa nimefukia shimoni mbali na nyanya za jirani, Fundi Bani asinione. Vyenye vijicho, ndoo kama nne, bado ni vigumu.

Viazi vitamu mama mkwe amevichukua. Vichache vilikuwa na doa jeusi, amevitenga bila kuambiwa na mtu, akanusa, akarusha. Vingine amechemsha, anakata, bati lote la banda la kuku lina matobolwa. Vitunguu amevipanga kwenye beseni bovu lenye udongo mlangoni kwa jikoni, kila asubuhi anakata majani ya kachumbari. Na ndoo moja ya viazi mviringo ameitandaza barazani kwenye mwanga. Sijui nani kamsomea #24. Anasema atapanda mvua ikishika na ataondoka akishavuna.

#40 Debe Tupu (Jumatano usiku)
Bwanashamba, kiazi mviringo kinachukua muda gani shambani?

#41 Bwanashamba Mstaafu (Jumatano usiku)
Miezi mitatu mpaka minne. Kwa joto la Tabora asubiri tu majani.

#42 Kiepe Yai (Jumatano usiku)
Mleta uzi, hizo ndoo nne zenye vijicho unauzaje? Nakuja kesho na baiskeli. Nitavimenya mbele yako na kichungu nakurudishia.